Somo: Jinsi ya kuitazama picha ya soko la Kairo iliyochorwa na Mzungu wa karne ya 19

Nimeulizwa mara nyingi mno iwapo picha hizi zinaonyesha masoko kama yalivyokuwa, hivyo ninaandika hapa mara moja kwa wote. Mfano wetu ni wauza mazulia wa Kairo, picha ya rangi za mafuta ya Mfaransa Jean-Léon Gérôme, iliyochorwa mnamo 1887 hivi na ambayo sasa imo katika jumba la sanaa la Minneapolis.

Hatua ya 1. Andika jina la mchoraji, mwaka, na mji alimoikamilishia picha.

Hatua ya 2. Taja unachokiona kabla ya kukifasiri: zulia kubwa linaloning'inia, wanaume waliosimama kulikagua, na mazulia mengine chini.

Hatua ya 3. Tenganisha usahihi wa kitu na ukweli wa tukio. Hapa ndipo nilipokosea vibaya. Niliwafundisha wanafunzi kwamba muuza mazulia aliyechorwa mwaka 1860 na Mwingereza John Frederick Lewis alikuwa mfanyabiashara wa Kimisri, kwa kuwa kilemba na nguo zake zilichorwa kwa uangalifu mkubwa, kumbe uso ule hutambuliwa kuwa wa Lewis mwenyewe, ambaye aliishi Kairo tangu 1841 hadi 1851 na alikuwa amekwisha kurudi kwao. Jihadhari basi: zulia linaweza kuwa sahihi hadi nakshi ya mwisho huku anayeliuza akiwa mtu aliyevishwa. Gérôme naye alikamilishia kazi zake Paris, akitegemea michoro ya safarini, fotografia na watu waliokaa mbele yake kwa malipo. Jihadhari pia usikimbilie kusema kwamba yote ni uongo, maana majengo na bidhaa mara nyingi vilichunguzwa kwa makini.

Hatua ya 4. Tafuta kisichokuwamo. Waingereza waliikalia Misri mwaka 1882, lakini katika soko la Gérôme huoni dalili yao, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya alitaka Mashariki isiyoguswa na wakati.

Swali: Kwa kifupi, picha hizi ni za kweli au si za kweli?
Jibu: Tafadhali soma hatua ya 3.

Swali: Sina muda wa kusoma yote. Nitumie tu majina ya picha.
Jibu: Mbili zimetajwa hapo juu, pamoja na miaka yake.

Swali: Je, mchoraji mwenyeji wa Mashariki alilionaje soko la namna hiyo?
Jibu: Ahsante sana kwa swali hili. Mtazame Osman Hamdi Bey, Mwothmani (raia wa dola ya zamani ya Waturuki) aliyejifunza uchoraji Paris. Mwaka 1888 alichora muuza mazulia wa Kiajemi barabarani, na mbele ya bidhaa akawaweka wateja wa Kizungu; picha hiyo imo Berlin. Yule mnunuzi ambaye Gérôme alimwacha nje ya fremu, Osman Hamdi amemwingiza ndani, naye anatazamwa kama wengine. Ziweke picha hizo mbili bega kwa bega, kisha urudie hatua ya 4.

Swali: Kwenye simu yangu rangi hunichanganya.
Jibu: Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, utaona mara moja mwanga umeelekezwa kwa nani.