Kupata omu na wati za jagi la umeme kwa kupima volti na ampea

"Fundi, jagi limechoka, halichemshi kama zamani." Mara nyingi ukilipima unakuta jagi halina kosa lolote. Kabla hujanunua jingine au kulifungua hili, lipime likiwa kazini. Hesabu zenyewe ni mbili:

Omu = volti ÷ ampea
Wati = volti × ampea

Kugawanya na kuzidisha si tatizo. Kazi iko kwenye kupata namba za kweli za kugawanya.

Hatua ya 1: Soma kibandiko

Chini ya jagi la kawaida utakuta 220–240 V, 1850–2200 W. Namba nne hizo zinaficha ukinzani mmoja, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita; hupimwa kwa omu. Zidisha volti kwa zenyewe, kisha gawanya kwa wati: 220 × 220 ÷ 1850 ni omu 26.2, na 240 × 240 ÷ 2200 ni omu 26.2 vilevile. Hiyo ndiyo koili yako, yaani waya wa ndani unaopasha maji moto. Iandike pembeni.

Hatua ya 2: Pima volti

Tia maji, chomeka jagi kwenye ekstensheni, liwashe, ndipo upime kwenye tundu la pili la ekstensheni hiyohiyo. Soketi isiyo na mzigo, yaani isiyo na kifaa kinachokula umeme, hukupa volti za kupendeza ambazo jagi halizipati. Kama matundu yana vizuizi, usichokonoe kwa bisibisi wala kalamu. Chomeka kimita kidogo cha kuonyesha volti.

Hatua ya 3: Pima ampea

Hapa ndipo watu hukwama, basi twende taratibu.

Tumia klampu mita, ile yenye taya za kubana waya. Kupitisha umeme wa nyumbani ndani ya maltimita, ile mita ya kawaida yenye nyaya mbili za kugusia, sishauri. Kwanza unalazimika kukata njia na kuiunga mita katikati. Pili, tundu la 10A kwenye maltimita nyingi za bei rahisi halina fyuzi kabisa, na limeandikwa hivyo palepale pembeni yake. Tatu, na hili ndilo baya zaidi: ukimaliza, waya mwekundu wa mita unabaki kwenye tundu la ampea. Kesho unachukua mita kupima volti, unagusa soketi, na umeshapiga shoti, kwa sababu upande wa ampea mita ina ukinzani mdogo mno, karibu sawa na kipande cha waya.

Ukibana waya mzima wa jagi, klampu mita itasoma sifuri, na utadhani ni mbovu. Si mbovu. Mkondo unaokwenda kwa waya wa moto unarudi kwa nyutro, na sumaku zao zinafutana. Lazima ubane waya mmoja tu. Dawa yake ni kutengeneza ekstensheni fupi ya kupimia: chuna ganda la nje tu sehemu ya katikati, kama urefu wa kiganja, ikiwa haijachomekwa. Nyaya tatu za ndani zibaki na maganda yao. Ukiona hata mkwaruzo wa shaba, kata, anza upya. Bana wa kahawia au wa bluu, jibu ni lilelile. Wa njano na kijani ni ethi, waya wa usalama, huo usipoteze muda nao.

Hakikisha mita iko kwenye A yenye alama ya wimbi, na taya zimefunga kabisa. Kwa kifaa kidogo kinachokula chini ya ampea moja, zungusha waya ndani ya taya mara tano, kisha gawanya jibu kwa tano.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Tuseme umepata volti 198 na ampea 7.5, zote zikisomwa jagi likichemka.

198 ÷ 7.5 = omu 26.4
198 × 7.5 = wati 1485

Omu zinalingana na kibandiko, kwa hiyo koili ni nzima. Koili hiyo kwenye volti 230 ingetoa kama wati 2000. Volti zimepungua asilimia 14, nguvu imepungua robo nzima, maana volti zikishuka, ampea nazo hushuka. Lita 1.7 zilizotakiwa kuchemka kwa dakika nne na nusu sasa zinachukua sita. Omu zikipanda sana, angalia swichi na viunganishi vilivyoungua; ampea zikiwa sifuri, njia imekatika.

Usipeleke hesabu hii kwenye friji au pampu. Kwenye mota, volti mara ampea hutoa namba kubwa kuliko wati halisi.

Hatua ya 5: Tafuta volti zinapopotelea

Zima jagi, soma volti tena. Zikiwa 212, mzigo umeangusha volti 14. Gawanya kwa 7.5: njia yote mpaka kwenye soketi ina omu 1.9. Sasa washa jagi, fundi mwenye leseni asome kwenye meni switchi, yaani swichi kuu ya nyumba. Akipata 209, volti 11 zinaliwa humu ndani, sawa na wati 82.5 za joto kwenye nyaya zako. Azime meni, afungue soketi hiyo kwanza, akaze skrubu. Waya ukiwa umeungua rangi, aukate hadi penye shaba safi.