Kupanga mafuta ya chakula ili kubadili asidi za mafuta kwenye mnofu wa perege na kambare

Ukimlisha perege mafuta ya alizeti, mnofu wake utajaa asidi ya linoleiki (LA), ambayo ni omega-6. Ukimlisha mafuta ya kitani, utakuta alfa-linoleniki (ALA), omega-3 fupi. Mafuta ya samaki ndiyo yanayoleta EPA na DHA, zile omega-3 ndefu ambazo wengi huzitafuta. Mafuta ya akiba mwilini hufuata chakula karibu hatua kwa hatua. Yale yaliyojenga tando za seli ni magumu kuyahamisha, na samaki huing'ang'ania DHA iliyomo humo hata akipewa kidogo.

Anza kwa kujua mafuta uliyonayo. Alizeti ya kawaida ina LA ya karibu 60% na ALA karibu hakuna. Soya ina LA 50% hivi na ALA 7%. Kitani ina ALA zaidi ya 50% na LA karibu 15%. Mawese yana palmitiki (asidi ya mafuta yanayoganda) karibu 44% na oleiki (omega-9) karibu 40%. Yanatia nguvu vizuri tu, lakini hayaleti omega-3.

Samaki wengi wa maji baridi wana vimeng'enya vya kurefusha ALA iwe EPA na DHA, jambo ambalo samaki wengi wa baharini hulifanya kwa shida sana. Wengi hapo huhitimisha kwamba kitani kitafanya kazi ya mafuta ya samaki. Hakifanyi. Sehemu kubwa ya ALA hubaki ALA, nyingine huchomwa kama nishati, na DHA hupanda kwa kiasi tu. Isitoshe, LA na ALA hugombania kimeng'enya kilekile, kwa hiyo LA ikizidi sana, hata ile ALA kidogo iliyopo hairefushwi ipasavyo. Lakini usiiondoe LA kabisa: perege anaihitaji, kati ya 0.5% na 1% ya chakula chote.

Tuchukue kilo 100 za chakula chenye mafuta 8%. Viungo vyenyewe (dagaa, mashudu, pumba) tuseme vinaleta kilo 3, kwa hiyo unaongeza kilo 5. Ukitia alizeti tupu, umeongeza kilo 3 za LA na ALA ya kuhesabika kwa gramu. Ukitia kilo 3 za soya na 2 za kitani, unapata LA ya kilo 1.8 hivi na ALA ya kilo 1.3 hivi. Uzito wa mafuta ni uleule, lakini mnofu utakuwa tofauti kabisa. Viungo pia vipigiwe hesabu, kwa sababu pumba za mchele na za mahindi zina LA nyingi, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika kimyakimya.

Kwenye mashine ya kukandamiza pelleti (tembe za chakula), usichanganye mafuta yote kwenye unga. Mafuta yakizidi, unga huteleza tunduni bila kukandamizwa na pelleti humeguka. Weka sehemu ndogo kwenye unga, kausha pelleti, ziache zipoe, kisha nyunyizia mafuta yaliyobaki yakiwa vuguvugu huku pipa likizunguka. Pelleti ikiloa nje na ikiacha alama ya mafuta kwenye karatasi baada ya saa moja, umepitisha kiasi inachoweza kunywa.

Omega-3 huchacha haraka. Perege hutaka miligramu 50 hadi 100 za vitamini E kwa kilo ya chakula chenye mafuta 5%, na mahitaji hupanda kadiri mafuta yanavyoongezeka. Tengeneza chakula cha wiki chache, funga magunia yasipitishe hewa, weka kivulini. Kikinuka kama rangi ya mbao, usikilishe. Kapu (samaki aina ya carp) waliolishwa pupa wa nondo wa hariri waliochacha hupata ugonjwa wa kukonda mgongo uitwao sekoke, misuli ikinyauka huku chakula kikiwa tele.

Kubadili chakula karibu na mavuno ni njia nzuri ya kuokoa mafuta ya gharama, ila ina hesabu yake. Mafuta ya zamani hayatoki; huchanganyika na mapya. Samaki akiwa na gramu 10 za mafuta zenye LA 30%, na chakula kipya kingempeleka 12% kama angelishwa hicho tangu mwanzo, basi akifikisha gramu 20 za mafuta LA itakuwa 12 + 18÷2, yaani 21%. Akifikisha gramu 40 ni 16.5%. Wiki 2 za mwisho kwa samaki aliyeacha kukua ni kupoteza mafuta. Anza angalau wakati uzito wake ni nusu ya ule wa mavuno.

Kuna mambo mawili yatakayokuvuruga. Wanga ukizidi, samaki hujitengenezea palmitiki na oleiki mwenyewe, na hizo hupunguza uwiano wa kila kitu kingine. Na bwawa la maji ya kijani humlisha mwani na wadudu wadogo wenye omega-3, kwa hiyo usilinganishe samaki wake na wa tangi safi ukadhani tofauti imetoka kwenye pelleti.

Ukipeleka sampuli maabara, kata sehemu ileile kwa kila samaki: mnofu wa mgongoni, bila ngozi. Ukichanganya na wa tumboni, ambao ni mnono zaidi, majibu yatayumba. Funga bila hewa, gandisha mara moja. Na usisome asilimia peke yake. Mnofu wenye mafuta gramu 1.5 kwa kila gramu 100, DHA 10%, una DHA ya miligramu 120 hivi (1.5 × 0.8 × 10%, 0.8 ni sehemu ya mafuta iliyo asidi za mafuta, kwa mnofu usio mnono, ambao mafuta yake mengi ni ya tando za seli). Wenye gramu 4 na DHA 5% tu una 180 hivi, kwa kuzidisha na 0.9. Kwa karatasi ya asilimia wa kwanza anashinda. Kwa sahani, wa pili.