Kufunga mfumo unaozima maji wenyewe bomba likipasuka, kwa nyumba yenye tanki na mgao

Maelekezo yanayokuja kwenye boksi la vifaa hivi yameandikwa kwa nyumba inayopokea maji kwa bomba moja, presha ileile mchana na usiku. Nyumba zetu za Dar es Salaam haziko hivyo. Kuna laini ya DAWASA yenye mgao, kuna tanki juu ya mnara, pengine na kisima, pampu ya presha, na karibu kila mara koki moja ya jikoni au ya uani ambayo fundi wa zamani aliiunga moja kwa moja kabla ya tanki. Ukifuata karatasi ya kwenye boksi neno kwa neno utafunga valvu sehemu ambayo haizuii kitu.

Jambo jingine la kuelewa kabla hujatoa hela: kihisi kinachopiga kelele tu hakilindi nyumba. Kikilia saa nane usiku utaamka, lakini kikilia mchana mko kazini kitamlilia paka. Bomba la nusu inchi likikatika kwenye nyumba yenye pampu ya presha linaweza kumwaga lita 15 kwa dakika. Kwa kasi hiyo tanki la lita 2,000 linaisha kwa saa mbili na robo hivi, na maji yote yameshapita chini ya makochi na kuingia kwenye kabati za MDF (mbao za unga wa mbao uliobanwa), ambazo zikivimba hazirudi. Kwa hiyo tunachofunga hapa ni vitu viwili vinavyosemezana: vihisi vinavyogusa maji na valvu yenye mota inayofunga bila kumsubiri mtu.

Hatua ya 1: Chora njia ya maji

Chukua karatasi. Anza kwenye mita, fuata bomba hadi tankini, kutoka tankini hadi kwenye pampu, kutoka pampu hadi ndani. Halafu fanya jaribio ambalo wengi wanaliruka: siku maji ya DAWASA yanatoka, zima pampu, funga koki kubwa ya kutokea kwenye tanki, kisha pita ndani ukifungua koki moja moja, ukiziachia kwanza maji yaliyobaki bombani yaishe. Yoyote inayoendelea kutoa maji inalishwa na laini ya moja kwa moja. Iandike.

Koki hizo ndizo hatari kuliko zote mjini hapa. Mtu anaifungua mchana, maji hakuna, anaiacha wazi na ndoo ndani ya sinki. Mgao unarudi usiku wa manane, ndoo inajaa, kitambaa cha kuoshea vyombo kinaziba tundu la sinki, na asubuhi watu wanaamka wanakanyaga maji. Hakuna bomba lililopasuka. Kama unazo koki za namna hiyo una njia mbili: zihamishie kwenye laini ya tanki, au nunua valvu ya pili kwa ajili ya laini hiyo. Mimi hupendelea kuzihamisha, maana inakuwa kazi ya siku moja na unabaki na valvu moja ya kutunza. Ukichagua valvu ya pili, ikae baada ya mita, upande wako. Mita yenyewe na kilicho kabla yake si mali yako kukigusa.

Hatua ya 2: Hakikisha hakuna uvujaji tayari

Usiku, watu wakishalala, funga koki inayoingiza maji tankini. Panda na fimbo safi iliyonyooka, ichomeke kupitia mfuniko hadi sakafu ya tanki, weka alama pale ilipolowa. Alfajiri, kabla mtu hajafungua koki, pima tena. Kwa tanki la duara lenye kipenyo cha mita 1.1, kila sentimita iliyoshuka ni kama lita 9.5. Ikishuka sentimita mbili na hakuna aliyeamka kwenda chooni, una tatizo, na mara nyingi ni tenki la flashi la choo linalopitisha maji kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tenki la flashi, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha raba ya ndani. Maliza haya kwanza.

Hatua ya 3: Chagua valvu

Dukani utaonyeshwa aina mbili. Ya bei rahisi ni ya solenoidi, yaani inayofunguka kwa sumaku ya umeme. Iache. Nyingi kati ya hizo zinahitaji presha ya kuanzia 0.02 MPa ili diaframu yake (raba ya ndani inayoziba njia) inyanyuke sawasawa. Tanki lililo kwenye mnara wa mita 3 linatoa 0.03 MPa tu, na sehemu ya hiyo inaliwa na kona za mabomba kabla haijafika. Matokeo yake bafu linatoa maji ya kusuasua, mwenye nyumba anamlaumu fundi. Isitoshe, solenoidi ya kawaida inakula umeme muda wote ikiwa wazi, na inapata moto.

Chukua boli valvu (yenye tufe la ndani lenye tundu, linalogeuka kufungua na kufunga) yenye mota, ya volti 12, mwili wa shaba, ukubwa sawa na bomba lako kuu, ambalo kwa nyumba nyingi ni robo tatu au inchi moja. Hii inatumia umeme kwa sekunde chache tu inapogeuka, na haijali presha ni ndogo kiasi gani. Hakikisha ina kitasa cha kuigeuza kwa mkono. Bila kitasa usiinunue hata kwa nusu bei.

Kuna swali muuzaji hatakuuliza: umeme ukikatika, valvu ifanye nini? Kuna zinazojifunga zenyewe, na kuna zinazobaki zilivyokuwa. Kwa mtu anayeishi na LUKU inayoisha usiku, valvu ya kujifunga ni adhabu; kila giza likiingia na maji yanakatika. Nunua inayobaki ilivyo, halafu uipe betri yake.

Kama bomba lako kuu tayari lina boli valvu nzuri ya mkono wenye mpini, kipo kifaa kinachobanwa juu yake na kuusukuma mpini. Kinafaa kwa mpangaji asiyeruhusiwa kukata bomba. Ila mpini uwe mlaini. Ukihitaji nguvu ya mikono miwili kuugeuza, mota ndogo haitauweza.

Hatua ya 4: Ikae wapi

Baada ya pampu, kabla bomba halijaanza kugawanyika kwenda vyumbani. Si kati ya tanki na pampu. Ukiiweka hapo, ikifunga wakati pampu inazunguka, pampu itazunguka kavu na kuunguza sili yake, ile inayozuia maji kuvuja. Ikiwa baada ya pampu, presha inapanda na kidhibiti cha pampu kinaizima kama koki zote zimefungwa. Kama huna pampu na maji yanashuka kwa uzito wake, iweke chini ya mnara mahali unapofika bila ngazi.

Funga koki ya tanki, zima pampu, fungua koki ya chini kabisa ndani ili bomba litoke maji. Kata. Kwenye PPR (bomba la plastiki linaloungwa kwa joto) utachomea adapta mbili zenye meno ya shaba, na uache zipoe kabisa kabla hujaleta valvu karibu, maana joto la mashine ya kuchomea linaharibu sili za ndani. Weka yunioni (kiungo kinachofunguliwa kwa spana) kila upande ili siku ya matengenezo isiwe siku ya kukata bomba tena. Zungushia tepu ya Teflon kufuata upande wa kukaza, mizunguko kumi au zaidi kidogo kwa meno ya robo tatu. Unapokaza, shika mwili wa shaba kwa spana. Kiboksi cha plastiki cha mota kisiguswe. Watu wanakishika kama mpini, kinavunjika shingo. Ikiwa nje, ijengee kibanda kidogo cha kuikinga na jua na mvua.

Hatua ya 5: Vihisi

Kihisi cha kawaida kina vidoti viwili vya chuma chini yake. Maji yakivigusa vyote, umeme mdogo unapita na kinaamka. Maji ya visima vyenye chumvi vya kwetu yanakiamsha haraka sana, ila yakikauka yanaacha ukoko mweupe unaokila chuma. Maji yanayodondoka kutoka kwenye AC ni karibu masafi kabisa, hayana madini ya kutosha, kwa hiyo chini ya AC kihisi kinaweza kuchelewa. Hapo usikitegemee peke yake.

Usikisie mahali pa kukiweka. Chukua kikombe cha maji, kimwage taratibu chini ya sinki, na uangalie yanakimbilia wapi. Sakafu unayodhani imenyooka ina mteremko wake. Kihisi kikae pale maji yanapojikusanya, si pale yanapoanzia. Anza na kabati la chini ya sinki la jikoni, ambako mipira yenye msuko wa chuma huchakaa. Nyuma ya mashine ya kufulia. Kwenye sinia la chini ya hita ya maji, hasa ile iliyofichwa darini juu ya gipsamu. Na karibu na pampu kama iko ndani.

Bafuni usiweke sakafuni. Vyoo vyetu ni vya kumwaga maji, watu wanaoga, wanatawadha, wanafua, na kihisi kitazima maji mara tano kwa siku hadi mtu akitupe dirishani. Kiweke nje ya kizingiti, upande wa korido. Maji yakifika hapo, kweli kuna shida.

Hatua ya 6: Umeme na mawasiliano

Betri ya volti 12, 7Ah, ile ya kengele za wizi, pamoja na chaja yake ya kudumu inayotoa volti 13.5 hadi 13.8, inatosha kugeuza valvu hata umeme ukipotea siku nzima. Kwenye betri hiyohiyo unganisha habu, yaani kifaa kinachopokea taarifa za vihisi na kuiamuru valvu, kupitia kishusha volti, kama habu yako inatumia volti 5.

Kati ya vihisi vya Wi-Fi na vya Zigbee (mawasiliano ya redio yanayotumia umeme kidogo), mimi nachagua Zigbee kwa nyumba ya familia: betri zinadumu zaidi, na habu nzuri inaendesha kanuni zake yenyewe bila intaneti. Hili la mwisho lijaribu kabla hujamlipa muuzaji. Chomoa waya wa intaneti, lowesha kihisi. Valvu isipofunga, huo mfumo unategemea seva iliyo mbali, na siku bando limeisha huna ulinzi. Kuta za tofali za zege na slabu hudhoofisha mawimbi, hivyo kati ya habu na kihisi cha mbali chomeka soketi erevu ya Zigbee ipokee na kurusha mbele.

Asiyetaka mambo ya simu anaweza kutumia bodi ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 12 yenye waya wa kihisi. Haitakutumia ujumbe, lakini inafunga maji, na fundi umeme yeyote wa mtaani anaielewa.

Hatua ya 7: Kanuni

Kihisi kikilowa kwa sekunde tano mfululizo, valvu ifunge, king'ora kilie, simu mbili tofauti zipate taarifa. Sekunde hizo zinasaidia kupunguza usumbufu wa siku za kudeki. Usiweke kanuni ya kufungua tena kihisi kikikauka. Bomba lililopasuka likinyimwa maji linakauka, mfumo unadhani mambo shwari, unafungua, na mafuriko yanaanza upya. Kufungua iwe kazi ya mtu aliyekwenda kuangalia.

Ongeza kanuni ya safari: mkienda Moshi kwa Krismasi, kitufe kimoja kifunge valvu hadi mrudi. Ukipenda, weka na kipimo cha mtiririko, ili maji yakipita dakika 40 bila kukoma valvu ifunge. Vile vya nusu inchi vinavyotumiwa sana na watu wa Arduino (bodi ndogo za kielektroniki za kujitengenezea vifaa) husoma kuanzia lita 1 kwa dakika, kwa hiyo tone havilioni. Tone moja kila sekunde ni kama lita 4 kwa siku, na hilo ni kazi ya kihisi cha chini ya sinki.

Hatua ya 8: Jaribu, na urudie kila mwezi

Lowesha kitambaa, kiweke chini ya kihisi, fungua koki ya bafuni, uhesabu hadi maji yakatike. Fanya hivyo kwa kila kihisi, kisha urudie umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kubwa. Kila mwezi ifunge na uifungue valvu walau mara moja, kwa sababu maji ya kisima yanajenga ukoko kwenye boli na ikikaa mwaka mzima wazi inaganda. Vidoti vya vihisi vifute kwa siki, kisha maji safi, vikauke.

Mwisho, muite dada wa kazi na yeyote anayebaki nyumbani mchana, mwonyeshe kitasa cha mkono kinakogeukia na swichi kubwa ya umeme ilipo. Akisikia king'ora na maji yamekaribia soketi au waya wa friji, asikanyage. Azime umeme kwanza, kama swichi iko pakavu, ndipo aangalie bomba.