Somo: jinsi ya kuunda baiskeli ya mtindo wa bodi traki, hatua kwa hatua

Wadau habari za kazi. Wengi mmekuwa mnaulizia hizi baiskeli ndefu, za chini, zenye matairi ya rangi ya maziwa na usukani ulioinamia chini, basi leo naliweka somo lote hapa, tulia usome mpaka mwisho ndo uwashe grinda.

Kwanza tuelewane tunaiga nini. Bodi traki zilikuwa mbio za pikipiki huko Marekani, miaka ya 1910 na 1920, kwenye viwanja vya mviringo vilivyojengwa kwa mbao tupu, na kona zake zimeinuliwa hadi nyuzi 45 na vingine zaidi. Kiwanja cha Playa del Rey karibu na Los Angeles kilijengwa 1910 na Jack Prince, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, yaani wazo lenyewe lilitoka kwenye viwanja vya baiskeli. Hapo hapo Playa del Rey, mwishoni mwa 1912, Lee Humiston akiwa juu ya pikipiki ya Excelsior alifika maili 100 kwa saa, ni kama kilomita 160, na chombo chenyewe hakina breki, hakina giaboksi, hakina madigadi. Fremu ya mabomba membamba, ringi za inchi 28, siti ya ngozi, basi. Ndo maana nasema kila siku, mashine ile ilikuwa baiskeli iliyotiwa injini, kwa hiyo kazi yako wewe ni kupunguza vitu, sio kubandika madude. Ukipata mistari sawa, mtu akiiona kwa mbali tu ataitambua hata haina injini ya kuigiza.

HATUA YA 1: Fremu ya kuanzia
Tafuta fremu ya chuma. Zinazofaa ni mbili: ile baiskeli nyeusi ya zamani ya ringi za inchi 28, hasa yenye mabomba mawili ya juu, au kruza (baiskeli ya starehe yenye matairi manene) ya inchi 26 yenye mabomba yaliyopinda, maana tangi la kuigiza linakaa vizuri katikati yake. Kagua kutu ndani ya bomba la siti, kagua maungio, gonga na spana usikilize, sehemu iliyooza ndani inatoa sauti ya kufa.

HATUA YA 2: Chora kwa ukubwa halisi
Usiruke hii. Chukua plaiwudi au hata ukuta, weka magurudumu yako mawili, chora ardhi, chora fremu ilivyo, alafu chora unavyotaka iwe. Kruza ya kawaida ina kama sentimita 110 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, lenga 120 hadi 125. Ukizidisha 130 inapendeza kwenye picha ila kona inakuwa shida. Mstari wa chini ya tangi na mstari wa juu ya siti viende pamoja kuelekea ekseli ya nyuma, jicho lenyewe litakwambia, rudi nyuma uangalie, futa, chora tena.

HATUA YA 3: Uma wa mbele
Hapa ndo watu wanaharibu kazi nzuri. Mtu anaona picha, anaulaza uma mpaka mbele kabisa, baiskeli inakuwa ndefu kweli lakini usukani unaanguka upande kila ukipunguza mwendo. Cha kupima ni umbali kati ya pale mstari wa bomba la usukani unapogonga ardhi na pale tairi linapogusa ardhi. Mfano, gurudumu la nusu kipenyo milimita 360, uma uliotangulia mbele milimita 50 (yaani ekseli iko mbele ya mstari wa bomba la usukani kwa kiasi hicho): bomba la usukani likiwa nyuzi 68 unapata kama milimita 92, inaendeka vizuri. Ulaze mpaka nyuzi 60 unapata 150, huo ni mzigo. Mimi nashauri ubaki kati ya 66 na 69, na kama unaenda 66 basi uma utangulie mbele zaidi, milimita 70 hivi, utarudi kwenye 84.

Sura ya bodi traki inatokana na zile fito mbili zinazotoka ekseli ya mbele kupanda hadi juu ya bomba la usukani. Tumia nondo laini ya milimita 8, kata nyuzi za nati ncha za juu, chini gonga iwe bapa na utoboe tundu la ekseli. Ukikaza, kaza upande mmoja robo raundi alafu wa pili robo raundi, usimalize upande mmoja kwanza, utauvuta uma upinde na gurudumu halitakaa katikati.

HATUA YA 4: Kurefusha nyuma
Ukiongeza urefu kwenye mabomba ya chini ya nyuma, usichomelee bomba kwa bomba kichwa kwa kichwa. Ingiza kipande cha bomba kinachobana ndani, sentimita 4 au 5 kila upande wa kiungo, toboa matundu mawili kwenye bomba la nje ili uchomelee na hapo pia, ndo uzungushe kiungo chenyewe. Kwangua kromu na zinki yote kabla ya moto, moshi wake ni sumu, fanyia nje penye hewa. Na kile kisafisha breki cha kopo usikitumie kabisa kwenye chuma unachokwenda kuchomelea, baadhi vina kemikali zinazogeuka gesi ya kuua zikikutana na joto la kuchomelea.

Kunyoosha: funga uzi kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudi nyuma kulia. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana fremu imenyooka, visipolingana rekebisha sasa hivi, sio baada ya rangi.

Angalia pia kimo cha kreki, yaani mkono unaoshika pedali. Kreki ya milimita 170 na ekseli yake iko sentimita 25 kutoka chini, pedali inabakiwa na sentimita 8 tu na hiyo ni kabla hujalala kona. Ukishusha fremu, weka kreki fupi, 152 au 160.

HATUA YA 5: Magurudumu
Hapa soma namba za ubavuni mwa tairi. Hiyo "inchi 28" ni jina la saizi zaidi ya moja. Baiskeli nyeusi ya zamani ina ringi ya 635, tairi lake ni 40-635, yaani upana milimita 40 na kipenyo cha ringi milimita 635. Matairi manene ya rangi ya krimu mengi ni 50-622. Kipenyo cha nje vinakaribiana sana, 715 na 722, kwa hiyo ukibadilisha ringi kimo hakibadiliki, ila upana ndo unakukamata: tairi la 50 linaweza kusugua mabomba ya nyuma karibu na kreki. Pima upana huo kwanza, acha angalau milimita 5 kila upande.

HATUA YA 6: Usukani na siti
Chukua usukani wa mbio au ule wenye pembe ndefu, ugeuze uelekee chini na nyuma. Mikono isishuke zaidi ya sentimita 10 chini ya siti kama unataka kuendesha kweli. Kabla hujakaza chochote, kaa juu, zungusha usukani mwisho kushoto na kulia huku umeinua goti. Goti lisikutane na mshikio, na mshikio usigonge tangi.

HATUA YA 7: Tangi
Anza na kadibodi. Kata, bandika kwa gundi ya karatasi, rudi hatua kumi nyuma, angalia, kata tena. Ukiridhika hamishia kwenye bati la milimita 0.8. Upana usizidi sentimita 9. Wale wenzetu wa kwenye mbao hawakuwa wanapiga pedali wakiwa mwendoni, wewe magoti yako yanapita hapo kila raundi. Chomelea kwa vidoti vilivyoachana, ruka huku na huku, bati lisipate joto sehemu moja likajikunja. Acha kifuniko chini, ndani weka spana, tyubu na betri ya taa.

Injini ya kuigiza mimi siipendi sana, ule uwazi katikati ya fremu unapendeza, lakini ukitaka basi iwe nyepesi: visahani vya plaiwudi, kimoja kikubwa kimoja kidogo, kikubwa kidogo, vimepitishwa skrubu ndefu katikati, unapata mapezi ya silinda. Ukiweka silinda mbili, pembe ya V kati yake iwe nyuzi 45 kama pikipiki za Harley-Davidson au 42 kama za Indian, wanaojua wataona.

HATUA YA 8: Gia na breki
Gia moja, meno 44 mbele na 18 nyuma. Kwa gurudumu hilo unatembea mita 5.5 kila raundi, ukipiga raundi 70 kwa dakika ni kilomita 23 kwa saa, inatosha kabisa na mlima mdogo inapanda. Mnyororo mmoja hautatosha, unga viwili vya aina moja.

Kuhusu breki sina mjadala. Pikipiki zile zilikimbia bila breki kwenye kiwanja kilichofungwa na bado ziliua, tarehe 8 Septemba 1912 huko Newark mwendeshaji Eddie Hasha alipoteza maisha pamoja na mwenzake Johnny Albright na watazamaji waliokuwa ukingoni. Weka haba (kitovu cha gurudumu la nyuma) yenye breki ya kurudisha pedali, na mkono wake uufunge kwa klipu kwenye bomba la chini la nyuma. Alafu weka na breki ya mbele, kwa sababu mnyororo ukikatika hiyo ya nyuma imekufa papo hapo.

HATUA YA 9: Rangi
Msasa, praima, rangi. Kwa pikipiki za wakati ule, nyekundu ni Indian, njano ni Cyclone, chungwa ni Merkel. Rangi moja na mstari mwembamba, usijaze maandishi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu sina mashine ya kuchomelea wala simjui fundi wa karibu, nifanyeje?
Jibu: Inawezekana kaka. Kruza ya chuma bila kuigusa fremu, badilisha usukani, fito za uma za kufunga kwa nati, tangi la plaiwudi la kufunga kwa klipu na mpira chini yake, matairi ya krimu. Utakosa ule urefu, ila sura utaipata kwa sehemu kubwa.

Swali: Fremu yangu ni ya aluminiamu, naweza kuikata na kuirefusha?
Jibu: Usifanye hivyo. Aluminiamu ya fremu ikichomelewa inapoteza nguvu pembeni ya kiungo mpaka ipikwe upya kwenye tanuri maalumu. Ibakize ilivyo.

Swali: Naomba kujua kwa nini matairi yao yalikuwa meupe, ilikuwa ni urembo tu?
Jibu: Hapana dada, ile ndo rangi ya mpira wa wakati ule, pamoja na unga mweupe wa zinki uliokuwa unachanganywa. Weusi umekuja walipoanza kutia kaboni nyeusi, ambayo inafanya tairi lidumu zaidi.

Swali: Fundi, nataka kufunga injini kweli, ya kale kadogo ka baiskeli. Breki ya kurudisha pedali itatosha?
Jibu: Haitoshi. Ukifunga injini, hesabu zote za hapa zimebadilika: uma uwe mnene zaidi, breki mbili za uhakika zisizotegemea mnyororo, spoki nene, na kisheria inaweza kuhesabika kuwa pikipiki, kaulize kwanza mamlaka za ulipo.

Swali: Mimi kila nikikaza fito za uma zinalegea baada ya siku chache, tatizo nini?
Jibu: Nati moja haitoshi hapo, mtikisiko unaifungua. Weka nati mbili zinazobanana au nati yenye plastiki ndani, na angalia hilo tundu la chini kwenye ekseli, kama limetanuka kuliko ekseli fito itacheza hata ukikaza vipi. Toa hiyo fito utengeneze nyingine, tundu la saizi ya ekseli, na uweke washa (kile kipete bapa cha chini ya nati) pande zote mbili.