Shikio likikuuma likizo, au mama akikupigia simu kutoka Pemba

Wenzangu mlio Uingereza, Oman, Denmark na kwengineko, kila ikifika Disemba simu ni zile zile: mtu kashuka Unguja juzi, leo mtoto halali kwa shikio, au mama yupo Wete anasema ana kizunguzungu na wewe uko Leicester hujui umjibu nini. Mie si daktari. Kazi yangu ni ukalimani wa hospitali huku Uingereza, nakaa katikati ya daktari na mgonjwa wetu, na nilichokiona ni kwamba mara nyingi maradhi ya shikio hayatibiki kwa sababu tumeyaeleza vibaya.

Chukua hichi kizunguzungu chetu. Umefunga, umeinuka ghafla macho yakaingia kiza, ni kizunguzungu. Chumba kinakuzunguka kama uko ndani ya mashua siku ya upepo, kizunguzungu. Miguu haina nguvu, kizunguzungu hicho hicho. Kwa daktari hayo ni mambo matatu mbali mbali na kila moja lina njia yake. Niliwahi kumtafsiria bi mkubwa mmoja aliyekuwa akimeza vidonge miezi na hapati nafuu, daktari akaniambia muulize, likimshika anakuwa anafanya nini? Akajibu, "Nikigeukia kulia kitandani, mwanangu, dari inashuka inapanda, nasoma Kul-huwallahu mara tatu nne hivi inaondoka." Daktari akatabasamu. Akamkalisha kitandani, akamgeuza kichwa upande wa kulia, akamlaza chali haraka kichwa kikining'inia kidogo, na mie nikayaona macho ya bi mkubwa yanacheza cheza yenyewe. Kisha akamgeuza kichwa pole pole upande wa pili, akamlaza ubavu, akamwinua, kila hatua akisubiri kama nusu dakika. Ndani ya shikio kuna vichembe kama vya chokaa, vikichopoka mahala pake vikaingia kwenye mifereji ya mizani ya mwili basi ubongo unadhani unazunguka, na kule kugeuzwa ni kuvirudisha. Bi mkubwa akauliza, "Ndo basi? Hata sindano?" Ndo basi. Ila kizunguzungu kikija pamoja na ulimi kuwa mzito, kuona viwili viwili au mkono kukosa nguvu, hiyo si ya shikio, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Haya, tuje kwa watoto. Mtoto kazaliwa ulaya, kaona wenzake wanachupa baharini pale Forodhani jioni naye kachupa, siku ya tatu shikio linamuwasha halafu linauma. Bonyeza ile nyama ndogo mbele ya tundu au vuta shikio taratibu, akiruka kwa maumivu basi mara nyingi ni ngozi ya njia ya nje iliyoloa maji na joto, inataka dawa ya matone na shikio likae kavu siku kadhaa, yaani baharini mwisho mpaka lipone. Lakini kama alikuwa na mafua na homa, na kuvuta shikio hakumuumizi zaidi, tatizo liko ndani nyuma ya ngoma ya shikio, na hilo watoto wengi linawaacha lenyewe kwa dawa ya maumivu tu, ila aliye chini ya miaka miwili, au anayezidiwa, aonwe na daktari.

Sasa nyie akina bibi na mafuta ya kitunguu thomu. Najua, hata mie nimetiwa. Shida ni kwamba ukiwa hujui ngoma ya shikio nzima au imetoboka hutakiwi kutia kitu, na shikio linalotoa usaha ujue huenda limetoboka. Hata matone ya dukani si yote sawa, ya gentamicin kwa mfano yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kudhuru usikivu, kwa hiyo usimwambie muuza duka "nipe dawa ya shikio" ukaondoka, sema linavuja na tangu lini. Likivuja zaidi ya wiki mbili si la kusubiri. Unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti na hizi pamba za vijiti vyote vinasukuma nta ndani tu.

Ya kwenda siku hiyo hiyo ni haya: nyuma ya shikio pamevimba pekundu na shikio limesukumwa mbele, uso umeenda upande, betri ndogo ya saa imeingia shikioni, au umeamka shikio moja halisikii kabisa bila ya sababu. Hili la mwisho watu wanalipuuza wakidhani nta, na dawa yake inafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi siku za mwanzo. Unguja rufaa ni Mnazi Mmoja, Pemba ipo Abdalla Mzee pale Mkoani, na makubwa zaidi yanakwenda Muhimbili Dar, ambako tangu 2017 wanapandikiza hata vifaa vya kusikia ndani ya shikio.

Kwa mlio Uingereza, mkipanga miadi ombeni mkalimani, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, hamlipi kitu, na msimlete mtoto wa skuli amtafsirie mamake, nshamuona kijana kameza nusu ya maneno kwa kuona haya.

Na ukimletea mzee mashine ya kusikilizia, mletee na betri zake za kutosha safari nzima, angalia rangi ya kibandiko, ya machungwa ni namba 13 na ya kahawia ni 312, usibandue mpaka siku ya kutumia maana ukibandua hewa inaingia inaanza kuisha. Usiku aivue aitie kwenye kikopo chenye mfuniko na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, unyevu wa kwetu wakati wa masika unaziua mashine hizi.