Jinsi ya kurekodi maisha ya dani kabla hajasahau

Kama uko na dani, yaani nyanya, hapa Kisumu amepita miaka themanini, chukua simu umrekodi sahi, usingoje Desemba. Usianze na "dani, ulizaliwa mwaka gani", utapewa ile tarehe ya kitambulisho na mara nyingi karani alibahatisha tu. Muulize kwa matukio. Mvua kubwa ya 1961, ziwa likapanda, ulikuwa umeolewa ama bado? Waziri Tom Mboya akipigwa risasi Julai 1969, ulikuwa umebeba mtoto yupi mgongoni? Akisema kifungua mimba alikuwa anatambaa bendera ya uhuru ikipandishwa Desemba 1963, basi huyo alizaliwa karibu mwanzo wa mwaka huo, hesabu kutoka hapo. Njaa ya 1984 usiulize mwaka, uliza yale mahindi ya njano ya msaada, ataanza kulalamika vile ugali wake ulikuwa. Beba sukari na majani chai. Akihepa hadi stori za ng'ombe usimkatize, wangu alihepa hivyo na ndio nikajua alitoroka kwao na meli ya Homa Bay, kitu hata mamangu hakuwa anajua. Baadaye linganisha na cheti cha ubatizo, kama panya hawajakimaliza.