Kukausha mbao za paini tanurini bila kuziharibu

Paini hupitisha maji kwa urahisi, kwa hiyo nyufa si tatizo lake kuu. Tatizo kuu ni kupinda na kujisokota, hasa kwa mbao zilizopasuliwa karibu na kiini cha mti mchanga. Kasoro hiyo huzuiwa wakati wa kupanga lundo. Tanuri likishawaka umechelewa.

Mbao za lundo moja ziwe na unene mmoja. Ubao mwembamba ukiwa katikati ya minene haubanwi na chochote, nao utapinda utakavyo. Vijiti vya kutenganisha viwe vikavu, vyote vya unene uleule wa milimita 20 hadi 25, vipishane sentimita 40 hadi 60, na kila kimoja kilale sawasawa juu ya mwenzake wa safu ya chini, kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye boriti ya chini. Weka kijiti karibu kabisa na kila ncha. Juu pakia vipande vya zege, angalau kilo 250 kwa mita ya mraba. Bila uzito huo, safu za juu ndizo hupinda zaidi.

Usiziache mbao mbichi zimelaliana uwanjani. Ukungu wa buluu hustawi palipo na joto na unyevu wa mbao unaozidi asilimia 20, na rangi yake haifutiki kwa kukausha. Rangi ya kahawia nayo hutokea mbao zikiwa bado mbichi na joto likawa kali, basi anza na joto la wastani na upepo wa kutosha.

Kagua utambi wa kipimajoto cha maji, yaani kitambaa chenye maji kinachokifunika ili kipime unyevu wa hewa, kila unapopakia. Utambi ukiwa mchafu, kipimajoto husoma joto la juu kuliko inavyopasa. Mtambo hudhani hewa ina unyevu mwingi, hufungua matundu, na hewa inayobaki kavu mno hupasua mbao.

Kwa fanicha lenga unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Pima kwa kukausha kipande katika oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena: gawanya uzito wa maji yaliyotoka kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Mbao zenye utomvu zimalizie juu ya nyuzi 71, la sivyo utomvu utavuja na kuharibu rangi ya kupaka.

Mwishoni rudisha mvuke kidogo ili kulegeza mkazo wa ndani. Kata kipande chenye umbo la uma. Meno yakiinamiana, mkazo bado upo, endelea na mvuke. Uzito wa juu usiuondoe hadi lundo lipoe.